Dende Watatu wa Papa Ignace

Bwana yangu Ignace alichunga dende wa labo, maabara ya utafiti, miaka kumi na tisa. Ni wale wale simbilisi tunafuga jikoni hapa Bukavu, lakini wake walitoka kwa mama mumoja, wa kujaribia dawa ya kifua kikuu. Siku ya kuzaliwa ya Élie, mutoto wetu, alisahau kila mwaka. Ya dende? Thubutu!

Vita ilipoingia mujini, watu wakaanza kupora. Alibeba majike matatu ndani ya koti, akayaleta kwetu Cimpunda. "Maman Élie, kizazi chote kimebaki hiki tu." Akarudi kulinda labo.

Siku ya tatu unga uliisha, sombe, majani ya muhogo, iliisha, watoto wanalia, na dende wananenepa karibu na mafiga. Ati dende ashinde mutoto wangu? Niliwachinja. Mwenye shibe hamujui mwenye njaa. Jioni Ignace alirudi anatetemeka kwa njaa, nikamupa sahani. Alipouliza dende, nilisema nimewaficha kwa Maman Bintu, jirani.

Kwetu, dende wa mutoto akikufa, unatafuta mwingine wa rangi ile ile, unanyamaza, mutoto halii. Soko la Nyawera lilipofunguka nilinunua majike matatu meupe kama yale, mumoja nikamukata sikio kama yule wake. Macho ya Ignace yalishachoka. Aliwapeleka labo anaimba, akawatafutia dume, wakazaa.

Mwaka huu docteur Larissa wa labo alisoma ADN yao, ile DNA mutoto anarithi kwa mama peke yake, herufi elfu kumi na sita, akailinganisha na ile walisoma zamani, mbele ya vita. Hakuna dende hata mumoja wa ule ukoo. Utafiti wote ukafungwa.

Ignace alikonda. "Nilichanganya vizimba, ni uzee," alisema kila siku. Akaandika barua ya kuacha kazi. Nilipoona ile barua roho ilinikatika, nikamwambia yote.

Hakugomba. Heri angegomba! Aliuliza tu, polepole:

"Hata yule wa sikio la kukatika?"

"Paja yake nilikuwekea weye, papa. Ulisema sijapika vizuri vile tangu tuoane."

Asubuhi alivaa shati ya kazi, akapeleka ile barua. Hakubadilisha hata neno: nilichanganya vizimba, kosa ni langu.