Jivu Lililozidi Bustanini

Majibu ya udongo wetu yaliingia kwenye simu saa nne asubuhi, nikiwa kazini. Mimi ni mpimaji wa damu kwenye zahanati, na miaka yote nimesoma majibu ya watu wengine bila moyo kunidunda. Siku ile nilifungua ya kwangu, ya bustani iliyo nyuma ya nyumba yetu Mitwero, nikiwa na hofu ya mtahiniwa.

Kwa misimu miwili mchicha wetu ulidumaa, na nyanya zikatoa majani machanga ya njano yaliyobaki na mishipa tu ya kijani. Nilimwagilia, nikaongeza mbolea ya dukani, wapi! Mwishowe bibi shamba wa kata yetu, binti mdogo anayezunguka na pikipiki, akaniambia niache kubahatisha. Alinionyesha namna ya kuchimba mahali kumi kwa kina cha shubiri moja, kuchanganya udongo kwenye ndoo safi, kuuanika kivulini na kuutuma maabara.

Nilitoka nje ya zahanati nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Majibu yamekuja! pH nane na nukta mbili, ndiyo nini?"

"Hee! Imepanda sana hiyo, mama, udongo umekuwa wa magadi. Mboga zinataka sita na nusu, isizidi saba. Udongo ukifika huko, madini ya chuma yanakuwemo lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Ndiyo ile njano. Potasiamu je?"

"Wameandika imezidi mno. Naitrojeni ndogo."

"Mnamwaga nini humo?"

Nilijua hapohapo. Jivu.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu kutoka Nyangamara baada ya kufiwa na mumewe. Kule alikuwa na shamba la mikorosho. Kwetu alikuta jiko la kuni uani na vituta vinane. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alizoa jivu lote akalinyunyiza bustanini huku akiisemesha mimea kwa Kimwera. Hakuna aliyemtuma. Ile ndiyo kazi aliyojichagulia ili asijione mgeni, na sasa mimi ndiye wa kwenda kumwambia kwamba inaua mboga.

Bibi shamba alinipa tiba: jivu likome, tuweke samadi iliyooza vizuri, na salfa ya unga kidogo ya kushusha hiyo pH, ichanganywe na udongo, iachwe ifanye kazi taratibu.

Jioni nilimkuta mama mkwe anachambua mchele. Nilizunguka wee, nikasifia afya yake, nikasifia mchele, mpaka akaweka ungo chini.

"Mkwe wangu, sema."

Nikasema. Alisikiliza akitazama mikono yake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kwa hiyo nimeilisha kupita kiasi," alisema.

"Hukujua, mama. Hata mimi nilikuwa nakuona nikafurahi."

"Na hiyo dawa umesema inaitwaje?"

"Salfa."

"Salfa? Hii tunayopulizia mikorosho?"

Hakungoja jibu. Aliinuka akaingia chumbani kwake, nikasikia kitu kinaburutwa sakafuni. Akatoka na mfuko uliofungwa kamba, nusu yake umejaa unga wa njano. Alikuwa amekuja nao toka Nyangamara, chini ya nguo zake, kwa sababu roho haikumruhusu kuuacha. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, akinipiga begani kwa upande wa khanga.

Nilipiga picha maandishi ya mfuko nikamtumia bibi shamba. Akajibu: "Ni salfa tupu. Inafaa!" Kesho yake tuliifukia pamoja na samadi, mama mkwe amejifunga kitambaa puani, akinigombeza ninapojaza mkono: "Pole pole! Si tumeambiwa kidogo?" Kwa mazoea ya maabara niliacha tuta moja bila kitu, nipate kulinganisha.

Mvua zikaanza, na miezi ikapita. Asubuhi moja nilisikia naitwa kwa sauti kubwa, nikatoka na mswaki mdomoni. Nyanya zilikuwa zimetoa majani mapya, mabichi, mazito, yameenea matuta saba! Niliyagusa moja moja kama mwendawazimu. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye lile la nane, bado la njano, amekunja uso.

"Hili umelinyima kwa kosa gani?"

"Ni la kulinganishia, mama."

"Limeshalinganishwa. Leta samadi."

Baada ya mavuno tulituma udongo tena. Nilipomsomea mama mkwe kwamba pH imeshuka hadi saba na nukta nne, alipiga kigelegele kirefu hadi jirani akaja mbio kuuliza nani kajifungua.