Mzee Aliyeambiwa Apitie Uani

Siku hiyo, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na wala haikuwa siku ya kujivunia. Nilikuwa nimeolewa hapa Nkwenda mwaka mmoja tu, nikitokea kwetu Ihanda, na mama mkwe alikuwa ameshanikabidhi funguo za hii nyumba ya wageni ambayo leo mnaiita ya kizamani.

Ilijengwa enzi za Waingereza. Humu walilala mabwana wa serikali na wanunuzi wa kahawa, na mwenyeji wa hapa akiingia, aliingilia uani na mzigo wa kuni. Baba mkwe wangu alikuwa mpishi wao. Walipoondoka, nyumba ikaja mikononi mwake, naye akaweka desturi yake: mgeni yeyote apite mbele, apewe maji ya kunawa, kisha kikapu kidogo cha kahawa kavu ya kutafuna, kama tunavyokaribishana majumbani mwetu. Alipofariki, mama mkwe aliishika desturi ile kama mtu anavyoshika sala.

Basi tulikuwa tunawangojea maofisa kutoka Bukoba. Nilikuwa nimepiga deki, nimetandika vitambaa vyeupe, na kiti kikubwa nimekiweka barazani kwa ajili ya mkubwa wao. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Karibu na adhuhuri akatokea mzee mmoja, tope limempanda hadi magotini. Akasimama akiitazama nyumba kwa muda mrefu, kisha akaweka mguu kwenye ngazi.

“Wewe mzee, ngoja!” nikasema. Hata shikamoo sikumpa. “Kuna wakubwa wanakuja. Pitia uani, utapewa chakula jikoni.”

Akanitazama. “Uani,” akasema taratibu. “Na wale nao waliniambia hivyo hivyo.” Akageuka, akaenda zake.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi na wala sikujua. Niliendelea kupanga vikombe.

Haukupita muda mama mkwe akarudi kutoka shambani, mkungu wa ndizi kichwani. Akautua chini. Hakunigombeza, laiti angenigombeza.

“Kemilembe, nyumba hii ilijengwa na nani?”

“Waingereza, mama.”

“Mwingereza gani uliyemsikia akibeba jiwe?”

Ndipo akaniambia kwamba amekutana njiani na yule mzee, jina lake Kabyemera. Katika ujana wake alichukuliwa kwa nguvu pamoja na mdogo wake kuja kubeba mawe ya msingi huu. Jiwe moja likamwangukia mdogo wake hapa hapa, akafa. Nyumba ilipokwisha, Kabyemera hakuruhusiwa hata kukanyaga baraza, akahamia Uganda. Sasa uzee umemwelemea, amekuja kuwaaga ndugu zake, na alitaka aingie humu mara moja, kama mgeni.

“Nimemsihi arudi,” mama mkwe akasema, “akaniambia, ‘Aliyenifukuza si wewe.’ Kwa hiyo mfuate wewe mwenyewe.”

Nilikimbia, mwanangu, na kitenge changu kimelowa. Nikamkuta sokoni, ameshapanda gari dogo la mizigo liendalo mpakani. Nikapiga magoti pale pale kwenye matope.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umetumwa?”

Moyo ulitaka niseme sikutumwa. “Nimetumwa,” nikajibu. “Nisingetumwa nisingejua nilichofanya. Nisamehe, waitu, mzee wangu wa heshima.”

Dereva akawasha gari. Mzee akaninyooshea mkono nimsaidie kushuka.

Aliingia kwa mlango wa mbele, mimi nikimnawisha, mama mkwe akimpa kahawa. Akaomba aende kwenye kona moja ya ukuta wa nje. Akaweka kiganja juu ya jiwe, akasimama peke yake. Hatukumfuata. Aliporudi, alikaa kwenye kile kiti kikubwa, nami sikuthubutu kumwinua.

Maofisa wakafika. Mkubwa wao akakitazama kiti, akamtazama mzee. Mama mkwe akasema tu, “Huyu ni mmoja wa walioijenga nyumba hii.” Yule bwana akavua kofia, akatoa shikamoo, akaenda kukaa kwenye benchi. Mzee Kabyemera alikula ndizi na maharage, akatushukuru, akaondoka jioni ile. Sikumwona tena.

Sasa nyinyi mnafungua nyumba za wageni, huku Nkwenda na kule Rubwera, zenye vigae na televisheni. Sina ugomvi na vigae. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Kabla hujabomoa ukuta wa kale, uliza ni nani aliyebeba mawe yake, na jina lake uwaambie wanao. Mgeni akifika, msalimie kabla hujatazama viatu vyake, maana hujui ametembea kutoka wapi wala anatafuta nini kwako. Na ukikosea, mwanangu, usimtume mwingine akuombee radhi. Nenda kwa miguu yako, na ukiulizwa, sema kweli hata ikikuaibisha. Aibu ya kweli hupita; ya uongo huzeeka na wewe.

Mungu akupe kauli njema na mkono mkunjufu. Popote utakapochoka njiani, akuinulie mtu wa kukwambia karibu.