Mguu wa Kushoto Unaotafuta Klachi

Gari jipya la baba liliingia kwetu Kapsoya na mbwa hakubweka. Kwangu hiyo ilikuwa hukumu tosha. Lile la zamani alikuwa akilisikia likiwa bado kule kwenye kona ya lami, anaanza kurukia geti kabla mama hajateleka chai. Hili jipya lilijisogeza uani kama muumini aliyechelewa kanisani, likasimama nyuma ya mbwa, na yeye akaendelea kujikuna.

"Njoo usikie, wewe unayejua magari," baba akaniita.

Akabonyeza kitufe kilichoandikwa SPORT. Taa za dashibodi zikaacha kuwa buluu zikawa nyekundu, na mngurumo mzito ukatoka kwenye spika. Spika! Zile zile za kusikilizia kwaya. Nikazunguka nyuma, mahali palipokuwa na mabomba mawili makubwa ya moshi yaking'aa, nikainama nitege sikio. Kimya. Nikatia kidole. Kidole kikagonga plastiki. Mabomba yenyewe yalikuwa yamezibwa, ni mapambo. Bomba halisi, jembamba kama mrija wa soda, lilikuwa limefichwa chini likiangalia ardhi kwa aibu.

"Baba, hii injini inafungua mdomo tu. Anayeimba ni spika."

"Na wewe funga wako."

Lazima nieleze kwamba hili si jambo nililolizua siku hiyo. Mimi na wenzangu wawili wa darasani tuna kalvati letu karibu na stendi ya boda, na asubuhi tukienda shule au jioni tukitoka tunaketi hapo. Mmoja anafumba macho, gari likipita anataja ni la aina gani, na kama dereva amechelewa kubadilisha gia. Zamani nilikuwa napata karibu yote. Siku hizi ni kukisia tu. Magari madogo ya buti yanatoka kiwandani yamekunja uso kama yanataka kupigana, halafu yanapita yakinong'ona. Mwenzangu mmoja alishayatolea uamuzi: "Manze, hiyo si gari, ni friji imepewa namba." Nilipowaeleza kuhusu yale mabomba ya plastiki, walicheka mpaka mmoja akaanguka mtaroni. Mimi sikucheka sana. Friji lilikuwa limelala kwetu.

Na kuingia kwake kulikuwa na maana moja: lile la zamani lilikuwa linaondoka. Lilikuwa jeusi lililofifia, dogo, gia tano za mkono, na usukani mzito kiasi kwamba mama alisema kuliendesha ni sawa na kumshika fahali pembe. Tukienda shambani karibu na Moi's Bridge, baba alikuwa akifika kwenye kona anatia gia ya pili bila kugusa breki, injini inapiga kelele, tunatoka upande wa pili tukiwa tumebanwa mlangoni, na yeye, mwalimu mzima wa hesabu, anatabasamu kama mtoto. Aliniahidi: "Ukimaliza Form Four, utajifunzia hili. Ukiliweza hili, hakuna litakalokushinda." Sasa mnunuzi wa mahindi wa huko huko Moi's Bridge alikuwa aje kulichukua Jumamosi inayofuata.

"Magoti yangu yamechoka," baba alisema. "Hili jipya linabadilisha gia lenyewe, linajiendesha."

"Sasa wewe utakuwa unafanya nini humo ndani?"

Mama alinitazama. Nikaenda kuosha vyombo bila kuambiwa.

Kwetu gari jipya haliendi mbali kabla ya kuombewa, na likishaombewa, wageni lazima wapewe raundi. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada mchungaji akaweka mkono juu ya boneti, akakemea ajali, akakemea wezi. Kile kitufe alikiacha. Kisha akaketi mbele na Biblia yake. Nyuma tuliketi mimi na nyanya, ambaye hakukubali kuacha nyumbani kibuyu chake cha mursik, maziwa yake ya mgando. Majirani walisimama getini wakisubiri zamu.

Baba akatoka vizuri. Tukashika barabara, gari likaanza kukimbia kidogo, na hapo mwili wake ukakumbuka kwamba ni wakati wa gia ya pili. Mkono ukashika kile kijiti kisicho na kazi, na mguu wa kushoto ukapaa, ukashuka kwa nguvu zote kukanyaga klachi. Klachi haikuwepo. Kilichokuwepo ni pedali ya breki, pana kama sahani.

Gari lilisujudu. Biblia ikagonga kioo, mchungaji akaifuata, mkanda ukamrudisha. Mursik ikaruka kutoka kwenye kibuyu na kutua juu ya viti ambavyo bado vilikuwa na nailoni. Asante nailoni.

"Amina," nikasema.

"Kwani mliombea mbele peke yake?" nyanya akauliza, akijipangusa.

Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, masikio mekundu. "Ni mguu, mchungaji. Samahani. Mguu umesahau."

"Haujasahau, baba," nikasema. "Ndio unakumbuka."

Nilingoja kofi. Halikuja. Usiku ule, tukila, akasema bila kumwangalia mtu, "Huyo mtu wa Jumamosi, tutaona." Nililala nikiwa nimeshinda.

Jumamosi mnunuzi akafika, mzee wa makamo mwenye gambuti na kofia ya kahawia. Baba akaingia ndani kutafuta logbook, ile hati ya umiliki wa gari, na mimi nikaona kazi yangu imefika. Nikamkaribia kwa heshima zote.

"Mzee, nikuambie ukweli? Hii gari inakunywa mafuta."

"Injini ya aina hii lazima inywe."

"Gia ya pili inakataa asubuhi."

"Ikiwa baridi, unaibembeleza mara mbili kwanza."

"Ndiyo!" nikasema kabla sijajizuia.

"Halafu ukiikanyaga ukipanda mlima, kuna mahali inaanza kuvuta ghafla..."

"...kama imetukanwa!"

Akacheka, nikacheka. Akaniambia alikuwa na moja kama hiyo ujanani, akaipindua, na haya mapya hawezi kuyaendesha bila kusinzia. Nikamwambia kuhusu mabomba ya plastiki. Hakuamini, nikampeleka akatia kidole. Tukarudi tukafungua boneti, nikamwonyesha mahali mimi na baba tulipobadilisha plagi kwa mikono yetu, na jinsi ya kusikiliza injini ikiwa imepata moto. Tuliinama pale vichwa vikigusana, na kwa kweli nilisahau kabisa nilichotumwa na moyo wangu kufanya.

Baba akatoka na logbook, akampa.

Jioni nilimuuliza mbona alikaa ndani muda wote ule. Akasema alikuwa amesimama dirishani na logbook mkononi, ameshaamua kumwambia yule mtu arudi kwao. "Halafu nikakuona unacheka naye. Nikasema, basi, kijana mwenyewe amekubali."

Mbwa alikuwa amelifukuza lile gari hadi kwenye kona ya lami, akarudi ulimi nje.

Jumatatu baba alinipeleka shule na friji. Tukapita kalvati letu. Wenzangu walikuwa wameketi pale, mmoja amefumba macho, na hakusikia tukipita. Kwenye raundiabauti tukapunguza mwendo, na nikauona ule mguu wa kushoto ukiinuka kidogo kutoka sakafuni, ukaning'inia, ukatafuta, kisha ukashuka polepole. Baba aliona kwamba nimeona. Akabonyeza SPORT, spika zikanguruma, na mimi nikafumba macho, kama kule kalvatini, nikasikiliza.