Jicho la Chini

Mimi nina haya. Nikimwelekezea mtu simu nimpige picha, akinikazia macho tu nabonyeza haraka nimalize. Ndiyo maana nilipenda ile kamera ya filamu yenye macho mawili, moja juu ya lingine. Niliipata kwa fundi wa saa mjini Thika, ambaye zamani alikuwa mpiga picha. Unaishika mbele ya tumbo, unainamisha kichwa, na mtu unamwona kwenye kioo kilicho juu yake. Jicho la juu ni la kuonea. La chini ndilo linalopiga. Filamu moja ina picha kumi na mbili tu, na kwa mtu wa polepole kama mimi zinatosha.

Cucu, nyanya yangu anayeishi mtaa wa Landless, hakuwa na picha hata moja aliyoipenda. Akiona simu imeinuliwa, uso wake unakuwa mgumu kama wa mtu aliyeitwa na chifu. Nilitaka moja tu, akiwa vile alivyo. Nilimbembeleza miezi mingi, mwishowe akakubali, ila kwa siku moja tu. Jumapili nikatoka kwangu Kiuu na filamu moja.

Alikaa mlangoni akichambua maharagwe. Nikainama.

“Unanipiga picha ama unaniombea?”

“Nakupiga picha, cucu.”

“Basi sema amina tumalize.”

Nikacheka, naye akalegea. Kwa kuwa kamera haikunifunika uso, tuliendelea kuongea. Mlio wa kamera hiyo ni mdogo kuliko wa maharagwe yakianguka kwenye sufuria. Nilipiga, nikazungusha filamu, nikangoja, nikapiga tena. Zikafika kumi na moja.

“Kijana wangu,” akasema, “hicho kifuniko cha mafuta ya kujipaka ni cha nini?”

Nikageuza kamera. Kifuniko chake halisi kilipotea zamani, kwa hivyo jicho la chini nalikinga vumbi kwa kifuniko cha mkebe wa mafuta. Kilikuwa bado pale. Mimi nilikuwa naonea la juu, nikamwona vizuri kabisa, kumbe filamu haioni kitu.

“Umekiona saa ngapi, cucu?”

“Tangu mwanzo. Nilidhani ndivyo inavyovaa.”

Nilitaka kulia. Yeye alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Nikang’oa kifuniko, nikainama, nikapiga ile ya mwisho kabla hajafunga mdomo.

Fundi wa saa alinioshea filamu. Kumi na moja zilikuwa tupu. Ya kumi na mbili ilikuwa yeye: mkono kifuani, pengo la meno wazi, maharagwe yametapakaa kwenye leso.

Nilipompelekea, aliipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi.

“Huyu ni mimi,” akasema. Akaitazama tena. “Na zile zingine?”

“Ndizo zile za kifuniko.”

“Basi njoo Jumapili tuzirudie. Lakini hiyo kamera nitaikagua mwenyewe kabla hujainama.”