Sekunde Mbili za Baba Mkwe

Fundi saa huyo walimwita Jicho Moja, si kwa sababu alikuwa chongo, bali kwa sababu ile lenzi yake nyeusi haikumtoka jichoni hata akinywa chai. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza moja, taa ya shingo ndefu, na ukuta mzima wa saa zisizoelewana. Kwa majirani alikuwa mtu wa kubadilisha betri. Kwa wapenzi wa saa za zamani, wale wanaonunua kimyakimya na kujisifu hadharani, alikuwa na kazi nyingine.

Kazi hiyo ilihusu saa za mkononi za kupimia mbio, zenye vitufe viwili ubavuni. Ukibonyeza kimoja sindano ndefu inakimbia. Ukibonyeza cha pili inarudi sifuri. Kiwanda kimoja cha zamani kilizitengeneza kwa aina mbili. Ya kawaida ilizagaa kila mahali. Ya adimu ilikuwa mashine ileile, ila kipande kimoja cha shaba ndani yake kilipindwa kama mundu na kupakwa dhahabu nyekundu. Basi Jicho Moja alichukua ya kawaida, akachonga mundu wake kwa tupa, akauchovya rangi, akausugua, akaichora namba, na saa ikapanda cheo bila kufanya mtihani. Mteja akiuliza, "Hii ni halisi?" alijibu, "Halisi kabisa," bila kupepesa hilo jicho lake. Aibu hakuwa nayo. Aliona anawafanyia hisani watu waliotaka sana kufurahi.

Siku moja akaingia baba mkwe wake, mzee mjane aliyekuwa mpima muda wa mashindano ya riadha.

"Mwanangu, isafishe tu," alisema, akaivua saa mkononi taratibu. "Ni zawadi ya marehemu mama yenu. Imeanza kuchelewa."

Mzee alipoondoka, Jicho Moja akafungua mfuniko na roho ikamruka. Mundu ulikuwemo, mwekundu, wa kiwandani. Miaka yote alikuwa akinakili kutoka kwenye picha, kumbe ya kweli ilikuwa inakaa naye mezani kila mzee alipokuja kula.

Mtu mwenye akili zake angeisafisha na kuirudisha. Yeye akaazimia kutengeneza pacha wake wa kuuza. Kwanza aliona sindano ikirudi inasimama kwenye sekunde ya pili badala ya sifuri, maana kinyundo kidogo ndani kilikuwa kimepinda. Akakinyoosha palepale, kama mtu anavyomfunga kifungo mtoto anayepita. Kisha akazama kwenye pacha. Alinakili namba, mikwaruzo, hata doa la kutu. Alipomaliza, akaziweka mashine zote mbili nje ya magamba yao, kila moja chini ya glasi iliyopinduliwa, akaenda kunawa mikono huku akipiga mluzi.

Aliporudi alimkuta mke wake na kitambaa mkononi.

"Nimekupangusia meza. Vumbi gani hili, kama stoo!"

"Glasi umezigusa?"

"Nimeziosha. Vidude vyako nimevirudisha."

"Cha kulia kilikuwa kipi?"

"Vinafanana, mume wangu. Si ndiyo kazi yako, kuvifanya vifanane?"

Mluzi ukamkauka mdomoni. Alizikodolea macho mashine zile kwa lenzi, akazigeuza, akazinusa. Hakuna kitu. Angeweza kuitambua ya mzee kwa ile sekunde ya pili, lakini ubovu wenyewe alishaunyoosha kwa mkono wake. Aliogopa kweli. Huyu hakuwa mteja wa kujisifu; alikuwa baba wa mkewe, na kitu alichobakiwa nacho cha marehemu kilikuwa hicho. Mwishowe akafumba macho, akachukua moja, akaitia kwenye gamba la mzee.

Mzee alikuja, akaivaa, akabonyeza. Sindano ikakimbia. Akabonyeza tena, ikarudi sifuri, wima kabisa. Uso ukamsawijika.

"Hii siyo saa yangu."

Jicho Moja akaitupia macho ile glasi ya pili.

"Yangu inarudi kwenye mbili," mzee alisema. "Mama yenu aliidondosha wiki ileile aliyonipa, akalia mno. Nikamwambia, usilie, nitakuwa natoa mbili. Nimewapimia watu mbio maisha yangu yote nikitoa mbili."

"Baba, kinyundo nilikinyoosha. Nilidhani nakusaidia."

"Basi kipinde."

Akaketi kukipinda. Sindano ikasimama kwenye moja. Akapinda tena, ikasimama kwenye tatu. Yeye aliyeweza kughushi uzuri wa kiwanda kizima alitoka jasho kwa ubovu wa mwanamke mmoja aliyeteleza mkono, huku mzee amesimama begani kwake akihema. Hatimaye ikatua kwenye mbili.

"Ndiyo hii," mzee alisema, na machozi yakamlengalenga. Aliifuta kwa shati, akaaga, akatoka akiibonyezabonyeza njiani. Jicho Moja aliona haya, na haya hiyo ilikuwa ngeni kwake.

Pacha aliyebaki alimvalisha gamba, akamtia kwenye droo. Halafu akaja mteja mmoja mwenye pua ndefu, akaiona droo wazi, akaifungua saa, akaona mundu, pumzi ikamkatika.

"Hii ni halisi?"

Jicho Moja akavua lenzi.

"Sijui, ndugu yangu. Haki ya Mungu, sijui."

Mteja akacheka, akamtishia kwa kidole. "Mjanja wewe! Unataka kunipandishia bei."