Matoleo mawili ya Katungu

Hadi sasa kichwa changu kinakataa. Katungu, jana tulikuzika, na leo asubuhi nimekuandikia "Umefika?" kama mjinga.

Kwa wasiomjua: Katungu ni rafiki yangu wa darasani, hapa Butembo. Alikwenda Beni kumsalimia shangazi yake. Wakati wa kurudi, gari lao lilivamiwa barabarani. Hayo ndiyo yote niliyoambiwa.

Tafadhali msiniandikie tena "ni mapenzi ya Mungu". Ninasali kila siku, na sidhani Mungu ndiye aliyewapanga watu wale pale kando ya njia. Nimechoka kulijibu hilo.

Na ninyi mnaouliza kama mchezo wetu ulikuwa uchawi: hapana. Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Katungu alisimulia nchi yenye majoka, mimi na rafiki yetu Paluku tukawa mashujaa wake, na bahati iliamua kama mshale umempata adui.

Mchezo unataka dadu ya pande ishirini, nasi hatukuipata popote. Katungu akaandika namba kwenye maharagwe ishirini, akayatia katika kopo la nyanya. Unatikisa, unavuta moja.

Shida ilikuwa vitabu vya sheria. Tulikuwa na fotokopi ya toleo la zamani, halina hata jalada, na toleo jipya ndani ya simu ya Katungu. Sheria za matoleo hayo mawili hazipatani, na sisi tulizigombania kila Jumamosi nyumbani kwao.

Neno "toleo" nililileta mimi, kwa sababu mwalimu wetu wa Kiswahili hataki tuseme "édition" ya Kifaransa. Basi mama yake Katungu, akiwa jikoni, akawa anasikia tu matoleo, matoleo, matoleo. Akadhani tunatayarisha matoleo ya misa, sadaka za kupeleka altareni.

"Batoto bangu beko na imani," aliwaambia majirani, akatuletea chai. Katungu akatukazia macho: "Mukicheka, chai inarudi."

Toleo la zamani linasema shujaa mwanamke hawezi kufikia nguvu za shujaa mwanamume. Katungu alipousoma ukurasa ule alikasirika kweli. "Huyu mutu mwenye aliandika hii, ashaona mwanamuke wa Vuhovi anapanda mulima na mukungu ya ndizi ku mugongo?"

Paluku alilipenda la zamani hata hivyo, kwa ajili ya sheria moja: uhai wako ukifika sifuri, umekufa, basi. Katika toleo jipya, aliyefika sifuri anavuta mara tatu. Akipata namba zaidi ya kumi mara mbili, anaamka.

"Toleo mupya ni ya batoto ba kubembelezwa," Paluku alisema. "Hakuna mutu anakufaka mule. Donc hakuna woga."

"Weye unakosa woga? Panda pikipiki, upite njia ya Mutwanga," Katungu akamjibu. "Kufa iko huku inje kila siku. Mu jeu, mu muchezo yetu, muniache nipone."

Jumamosi ya mwisho, mpiga mishale wangu alianguka sifuri mbele ya pango. Paluku akapiga makofi. "Kavira, kwisha! Enda saidia mama mu jiko."

Katungu akafunika kopo kwa kiganja. "Hapana kufa. Nikitoka Beni, atavuta."

Alitoka Beni, ndiyo. Lakini barabara ile inatumia toleo la zamani. Hakuna aliyempa nafasi ya kuvuta hata mara moja, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jana kabla ya misa, mama yake alitushika mikono, mimi na Paluku. "Nyinyi njo mulikuwa natayarisha matoleo naye. Nyinyi njo mutabeba matoleo yake."

Tukabeba kikapu cha maharagwe.

Katikati ya kanisa, kwaya ikiimba, Paluku akaninong'oneza: "Hii ni toleo gani?" Nikataka kucheka, nikalia.

Halafu nikaona ametoa lile kopo kwenye koti. "Niyamwage humu, iishe. Bila yeye hakuna jeu."

Nikamshika mkono, padri anatuangalia. "Hapana."

"Kavira, ulishakufa. Sifuri ni sifuri."

"Alisema nitavuta."

Watu wakadhani tumezidiwa na majonzi, wakatusukuma mbele polepole. Kikapu kilifika altareni. Kopo likarudi kwenye koti.

Baada ya maziko, watu wakiwa wanakula, Paluku alikuja kukaa karibu nami nyuma ya jiko. Macho yake yalikuwa yamevimba. Hakubishana habari ya sheria. Alitikisa kopo, akalisogeza kwangu.

"Vuta. Ya mupya."

Nilivuta kumi na nne. Namba imeandikwa kwa mkono wa Katungu, ile nne yake iliyopinda.

Mama yake akapita na sufuria, akasimama. "Matoleo tena?"

"Ndiyo, mama."

"Basi Jumamosi mukuje. Chai itakuwa."

Ilibaki namba moja nzuri ili aamke, lakini sikuvuta tena. Nilitaka kitu cha kungojea, na wiki hii sina kingine.

Katungu, Jumamosi tunakuja kwenu. Paluku ndiye atakayesimulia, na atasimulia vibaya, utuvumilie. Siku moja nitamweleza mama yako matoleo yetu yalikuwa matoleo gani. Natumaini atacheka.

Mpiga mishale wangu bado yuko chini mbele ya pango, lakini anapumua.

Lala sasa, rafiki yangu. Kopo ninalo mimi.