Nne Pointi Kumi

Nne pointi kumi inakuwaje mbele ya nne pointi tisa? Mama aliniuliza hivyo kwenye kituo cha majani chai, upande wa Boito, mbele ya foleni nzima.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani kungoja kazi. Siku hiyo tulichuma tangu asubuhi, na kufikia alasiri magunia yetu yalikuwa kituoni pamoja na ya wengine. Lori lilikuwa limefika, mizani inaning'inia mahali pake, lakini hakuna kilichopimwa. Kimashine cha karani, kile cha mkononi kinachopokea kilo kutoka kwenye mizani na kutoa risiti, kilikuwa kimekwama. Toleo 4.8 la programu yake lilikuwa halina shida. Wiki hiyo wakatuletea 4.9, na matatizo yakaanza. Sasa kwenye kioo kulikuwa na ujumbe mwingine: Toleo 4.10 liko tayari. Chini yake, kwa herufi ndogo: Maboresho madogo na marekebisho ya hitilafu.

"Hii ni ya nyuma," karani akasema. "Wamenitumia apdeti ya zamani."

Hakuna aliyembishia. Pale watu wamenuniana kwa sababu ya pointi moja ya kilo, na kila mmoja anajua kwamba nne pointi kumi ni kidogo kuliko nne pointi tisa.

"Muulizeni huyu msomi," mwanamke mmoja nyuma yetu akasema. "Si alisomea kompyuta?"

"Takwimu," nikamjibu.

"Ndiyo basi! Namba si ndizo zako?"

Hapo ndipo Mama aliponiuliza, nami nikasema sijui. Kisha, kwa sababu sikuweza kuishia hapo, nikaongeza, "Na hizo hitilafu ni zipi? Mbona hawazitaji? Mtu akikuletea dawa bila kusema inatibu nini, utameza?"

"Nikiwa mgonjwa nitameza," akasema yule mwanamke, na watu wakacheka.

Mama hakucheka. Alikuwa ameingiza mkono ndani ya gunia letu. Majani yakishindiliwa hupata joto. Yakianza kuwa mekundu hayapokelewi, na kazi ya siku nzima inarudi nyumbani kumwagwa chini ya michai. Aliushika mkono wangu akauingiza pia. Mlikuwa na uvuguvugu tayari.

Karani alijaribu kupiga simu ofisini, haikushikwa. Dereva wa lori akapiga honi.

"Nikiweka ya nyuma na iharibu kabisa, nitawaambia nini?" karani akauliza.

"Karani," Mama akasema, "hata kama ni ya zamani, ya zamani si ilikuwa inapima?"

Niliona hoja hiyo haina kichwa wala miguu. Nani angekurudisha nyuma halafu aite hayo maboresho? Nikamwambia karani ajaribu simu tena. Alinitazama, akamtazama Mama, akabonyeza kulikubali lile toleo.

Kimashine kilizimika, kikawaka. Gunia letu likatundikwa, risiti ikatoka, na foleni ikasogea.

Baadaye sana nilipata kazi Nairobi, ya kujaribu programu kabla hazijatolewa. Huko nikafundishwa kwamba nukta ya matoleo si kama ya kilo: kila namba huhesabiwa peke yake, na baada ya tisa huja kumi. Hilo lilinitosha kwa swali la Mama, lakini yale maboresho madogo bado yalikuwa yananisumbua. Mwenzangu mmoja ofisini aliwahi kufanya kazi kwa waliotengeneza mfumo wa vimashine vile, nikamuuliza. Akaniambia vimashine hivyo hukataa kurudishwa kwenye namba ya chini. Kwa hiyo toleo likileta matatizo, wao huchukua lililotangulia na kulibandika namba ya juu zaidi. Toleo 4.10 lilikuwa 4.8 lenyewe, halikubadilishwa chochote isipokuwa namba.